Mpaka ukifungwa mayai ya Uganda yasiingie, mfugaji wa Nakuru anafaidika kweli?

MfugajiBahati
Wadau habari za jioni. Nina swali limenikaa kichwani wiki nzima, naomba wenye wanaelewa wanisaidie, na bila matusi tafadhali.

Mimi nafuga kuku wa mayai hapa Bahati, wako 600 hivi, nilianza na mia moja mwaka wa 2017. Shida yangu ni bei. Kuna siku broka ananipigia asubuhi anasema leo trei ni 270, nikimuuliza mbona juzi ilikuwa 320 anasema ya Uganda imeingia mjini, chukua ama uache, na kuku hawajui kungoja, kesho watataga tena, basi nachukua. Kwa kikundi chetu karibu kila mtu anasema dawa ni moja tu, mpaka ufungwe ama hiyo mayai ipigwe ushuru mpaka wachoke kuleta. Mimi mwenyewe nimesimama kwa mkutano nikasema hivyo hivyo.

Lakini tangu Trump atangaze ushuru wake Aprili 2025, Kenya tukawekewa 10%, kila nikifungua redio nasikia ushuru ni mbaya, unaumiza watu. Sasa hapo ndio nashindwa. Wa Marekani kwetu ni mbaya lakini wetu kwa jirani ni mzuri? Hiyo pesa ya ushuru analipa nani hasa? Na kama kuna mtu hapa ameona kwa macho yake bei ya mkulima ikipanda baada ya mpaka kufungwa na IKAKAA juu, aniambie ilikuwa lini na ilikaa muda gani.

Ngano_MauNarok
Ndugu swali lako la kwanza ni rahisi. Ushuru analipa mwenye kuingiza mzigo, pale forodhani, halafu anauongeza kwa bei, kwa hivyo mwishowe ni mnunuzi. Ushuru wa Trump unatolewa mfukoni mwa kampuni ya Marekani inayonunua nguo ama makadamia ya Kenya. Sisi tunaumia kwa njia nyingine, yule mnunuzi anakwambia punguza bei tugawane hasara, ama anaenda kwa mwingine. Na Septemba 30 mwaka huo huo ile Agoa iliyokuwa inatuingiza sokoni kwao bila ushuru tangu 2000 ikafika mwisho wa muda wake, kwa hivyo wale wa nguo na makadamia walibanwa pande mbili.

Mimi nalima ngano. Kwa karatasi ngano ya kutoka nje inafaa kutozwa 35%, lakini wasagaji wa Kenya wameruhusiwa kulipa 10% mradi wanunue ya mkulima wa hapa kwanza. Sasa niambie, tukivuna na maghala yao tayari yamejaa ya Urusi na Ukraine, hiyo "kwanza" inanisaidia na nini? Unaweza kuwa na ushuru mzuri kabisa kwa kitabu na bado ulale na magunia yako kwa stoo ukisikiliza panya.

MamaMahindi_Busia
Kijana wa Bahati, mimi nimefanya biashara ya mpakani tangu watoto wangu wakiwa shule ya msingi na sasa nina wajukuu, wacha nikuambie yenye niliona.

Machi 2021, ilikuwa Ijumaa, ikatoka barua kwamba mahindi ya Uganda na Tanzania yasiingie Kenya kwa sababu ya sumu kuvu. Hakuna onyo, hakuna wiki mbili za kujipanga, ni leo leo. Mimi nilikuwa na magunia 84 kwa lori upande wa Uganda, nimeshalipa mkulima, nimeshalipa gari. Sumu kuvu si mchezo, nakubali, watu zaidi ya mia walikufa Ukambani mwaka wa 2004 na hakuna mtu anataka kulisha watoto sumu. Lakini hata mahindi ya hapa kwetu yanapata hiyo sumu yakianikwa vibaya, hiyo haiangalii pasipoti. Siku chache baadaye wakafungua tena kwa masharti, uwe umesajiliwa, uwe na cheti kwamba sumu haizidi sehemu kumi kwa kila bilioni. Yale masharti hayakuwa mabaya, ni vile yalikuja nyuma ya kufunga badala ya kuja mbele.

Na kwa hizo siku chache ulitaka kujua nani alipata? Upande wa Uganda bei ilianguka, mkulima wa huko akauza kwa hasara kwa sababu ana karo ya kulipa. Upande wa Kenya gorogoro ikapanda, mama wa Kisumu akalipa zaidi. Pesa ya katikati ikaenda kwa mwenye lori kubwa na ghala, yule anaweza kununua wakati watu wanalia na angoje, na kwa wale wa njia za panya wanaobeba kwa baiskeli usiku, na kwa mtu amesimama gizani akitaka kitu kidogo. Mkulima wa Kitale sidhani alihisi chochote, tayari alikuwa ameuza yake Desemba.

Na swali moja kwako, chakula ya kuku zako inatoka wapi?

MfugajiBahati
Mama asante sana, pole kwa hiyo magunia. Chakula nanunua kwa mtu hapa Nakuru anachanganya mwenyewe. Lakini mayai si mahindi mama, mayai ya Uganda serikali iliwahi kuweka ushuru wa 25% kwa mayai ya nje, na vitunguu na viazi pia, kwa hivyo hata wao wanaona kuna shida.

MchanganyajiMalisho
Nimeona swali la mama na nitalijibu kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu, nachanganya malisho hapa Nakuru miaka tisa sasa.

Bahati sikiza, kwa gunia moja la kuku wa mayai kuna mahindi na pumba, hiyo inaweza kutoka Kitale lakini mara nyingi msimu ukiisha inatoka Uganda ama Tanzania. Kuna mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, ya alizeti na ya pamba, hayo karibu yote natoa Tanzania na Uganda kwa sababu hapa hatulimi alizeti ya kutosha. Soya, Uganda, Zambia, Malawi. Omena, inakuja kupitia Kisumu na Busia lakini nyingi imevuliwa upande wa Mwanza na upande wa Uganda. Yangu ya hapa hapa ni chokaa tu na jasho. Sasa kuku wako anakula chakula ya jirani asubuhi halafu wewe jioni unataka jirani afungiwe. Mwaka ambao Tanzania walianza kukaza vibali vya nafaka kutoka kwao mimi nilipandisha bei ya gunia mara tatu, na wateja wangu wanne wakauza kuku wote wakafunga banda, na hakuna yai hata moja la Uganda lilihusika hapo.

Yai la Uganda ni rahisi kwa sababu malisho kwao ni rahisi, mahindi yako mlangoni. Ukitaka kushindana naye, bei ya chakula ndiyo ya kupigania, huko ndiko pesa yako inaisha.

JaAhero
Naona mnaelekea kusema ushuru ni mbaya, mimi nakataa. Njooni Ahero.

Sisi tunalima mpunga kwa skimu ya umwagiliaji, maji ya mto Nyando yanapandishwa kwa pampu za stima, si kama Mwea ambapo maji yanashuka yenyewe. Hiyo bili ya stima iko kwa kila kilo ya mchele wangu kabla sijanunua mbolea. Mchele wa Pakistan unatua Mombasa bei yake iko chini ya gharama yangu ya kulima. Bila ushuru mimi nimeisha. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inasema mchele wa nje utozwe 75%, Kenya inatoza 35% peke yake, nusu hata haifiki. Halafu Julai 2025 wakatoa ilani kwamba tani 500,000 ziingie bila ushuru wowote hadi Desemba. Tani laki tano! Wakulima wa Mwea wakaenda korti ya Kerugoya kuzuia, na mimi nawashukuru, kwa sababu huku tulikuwa tumeshachukua mkopo wa msimu tukihesabu ile bei ya kwanza.

Na mjue mnunuzi wangu mkubwa ni nani. Ni Mganda. Anakuja na lori lake hadi ukingoni mwa shamba, ananunua mpunga ukiwa bado na unyevu, analipa taslimu siku hiyo hiyo, anaenda kukoboa kwao. Wa hapa wanachukua kwa mdomo halafu unapiga simu miezi. Kwa hivyo mimi sitaki Mganda azuiwe hata dakika, nataka Pakistan atozwe inavyosema sheria. Hizo ni vitu viwili tofauti, msichanganye.

Majani_NandiHills
JaAhero ndugu yangu, jioni nikisimama mwisho wa shamba langu la chai naona mashamba yenu ya mpunga huko chini Kano yaking'aa maji, kwa hivyo nakuandikia kama jirani, usinichukie.

Unajua kwa nini Kenya inatoza 35% badala ya 75%? Moja ya sababu ni mimi. Pakistan ndiyo inanunua chai ya Kenya kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Kila wakati serikali ikiwaza kupandisha ushuru wa mchele, Pakistan inakumbusha kwamba wao pia wanaweza kupandisha wa chai. Basi mchele wako unauzwa chini ndio majani yangu yanunuliwe. Hakuna mtu alitukalisha wawili chini akatuambia, imeamuliwa tu Nairobi na sisi tunaonana kila siku kwa mlima.

Na mimi sijapona pia. Machi 2025 Sudan ilisimamisha bidhaa zote za kutoka Kenya kwa sababu ya ule mkutano wa RSF, wapiganaji wanaopigana na jeshi la Sudan, uliofanyiwa Nairobi. Mambo ya siasa kabisa, hakuna mkulima alihusika, lakini Sudan ni watu wa chai, na kulikuwa na mizigo tayari baharini. Bonasi ikija ndogo tunaambiwa soko la dunia limekuwa baya. Mimi nina miche elfu mbili na mia tano, chai huwezi kung'oa mwaka huu upande kitu kingine mwaka ujao, inakaa hapo miaka hamsini ikingoja wakubwa wapatane.

JaAhero
Sijakuchukia ndugu. Lakini hii sikuwahi kuambiwa, na niko kwa kamati ya skimu.

Miwa_Butere
Niongeze kidogo. Sisi wa miwa ndio tumelindwa kuliko wote, sukari ya nje ya Jumuiya na COMESA, lile soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ushuru wake ni 100%, na ya COMESA yenyewe Kenya ilipewa ruhusa ya kuibana kwa zaidi ya miaka ishirini ili viwanda vyetu vijipange. Matokeo ni gani? Kampuni ya sukari ya Mumias ilianza kusaga 1973 ikawa fahari ya hapa, na ilianguka ikiwa ndani ya huo ulinzi. Julai 2025 viwanda vya huku vikasimamishwa miezi mitatu kwa sababu miwa iliyobaki ilikuwa bado michanga. Uzio ulikuwa mrefu, ndani ya boma hakuna mtu alitibu ng'ombe.

Nimesoma pia vita vya Marekani na China vya 2018. China iliweka 25% kwa soya ya Marekani, wakahamia Brazil. Lakini serikali ya Marekani ikawatengea wakulima wake fidia, dola bilioni 12 mwaka huo na bilioni 16 mwaka uliofuata. Sasa linganisha na mbaazi, Agosti 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi za kutoka nje, wakulima wa kusini mwa Tanzania na Malawi walikuwa wamepanda mashamba makubwa kwa sababu India yenyewe mwaka uliotangulia ilikuwa inatafuta sana, bei ikaanguka mpaka wengine wakaacha mbaazi shambani. Hao walifidiwa na nani? Na hata soko likifunguliwa tena, mnunuzi akishazoea Brazil si lazima arudi kwako.

MfugajiBahati
Nimesoma yote mara mbili. Nilikuja nikitaka mtu aniambie funga ama usifunge na sasa naona hakuna mtu hapa ameniambia aliona bei ikipanda na ikakaa. JaAhero nakuelewa kabisa, ukinunua mbolea ukihesabu bei fulani halafu ilani itoke katikati ya msimu, hiyo ni kama kuibiwa. Hata mimi 270 ningeivumilia kama ningejua mapema, ningepunguza vifaranga.

Kikundi chetu kinakutana Alhamisi. Kulikuwa na barua ya kuomba mayai yazuiwe na mimi ni mmoja wa walioandika. Nitaomba iandikwe upya, tuombe ushuru uondolewe kwa mashudu na soya, na mabadiliko yoyote ya mpakani yatangazwe msimu mmoja mbele.

Mama wa Busia, nikitaka kununua mashudu mwenyewe huko bila kupitia watu watatu, inawezekana kwa mtu mdogo?

MamaMahindi_Busia
Inawezekana kijana. Mzigo wa chini ya dola 2,000, uwe umetoka ndani ya Jumuiya na uko kwa ile orodha yao, unajaziwa cheti rahisi cha asili pale pale mpakani na huhitaji wakala. Lakini hiyo haiondoi ukaguzi wa mimea, usidanganywe na mtu, na usipite njia ya panya hata kama ni rahisi, siku wakikushika unapoteza mzigo wote. Njooni watu watatu wanne muunganishe gari moja la kurudi Nakuru. Mje Jumanne, Jumatatu foleni ya malori ni ndefu. Mkifika ulizeni akina mama wa nafaka, mtaonyeshwa kwangu.

MchanganyajiMalisho
Bahati ukienda niitie, nitachangia mafuta. Na mchukue ya alizeti iliyokaushwa vizuri, shika mkononi ukifinya isikae kama ugali.