Tupeane uzoefu: kitalu nyumba cha kikundi hapa Mwanza, nani anakaa na ufunguo?

Wakuu salamu. Wale mlio kwenye vikundi vya kujitolea vyenye grinihausi ya pamoja, njooni tupeane uzoefu. Mambo ya vipimo na bei tuyaache, tuambiane yaliyowakuta.

Naanza mimi. Chetu kiko Mabatini mlimani, kimebanwa kati ya mawe mawili makubwa. Eneo tulipewa bure, na baadaye tukaelewa kwa nini: jiwe linakunywa jua mchana kutwa, usiku linalitema. Nyanya zilikuwa zimechanua vizuri. Alfajiri moja mvua ikanyesha, mwenye zamu akashusha nailoni za pembeni, akapiga kufuli, akaenda msibani Sengerema na ufunguo mfukoni. Hii ni kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025. Kivukoni foleni, akarudi kesho yake. Jua limewaka, nailoni ziko chini, joto halina pa kutokea, na sisi tumesimama nje tunachungulia kama watu wanaomtazama mgonjwa dirishani. Kuvunja kufuli kila mtu anaogopa kuambiwa alilipe. Ua la nyanya joto likizidi nyuzi 35 hivi linashindwa kushika tunda. Siku ya tatu ukigusa kikonyo, ua linabaki mkononi, limekatika pale kwenye kifundo. Watu 14, ufunguo mmoja!

Wa Igoma: Pole mkuu. Sisi funguo zilikuwa sita, kilichotumaliza ni viatu. Kila mtu anaingia na tope la bustani ya kwao. Msimu wa tatu miche ikaanza kulegea mchana, jioni inaamka, baada ya siku chache haiamki tena, na majani bado ni ya kijani. Tukapiga dawa ya ukungu mpaka hela ya kikundi ikakata. Bibi shamba alipokuja hakuangalia hata jani. Alikata kipande cha shina karibu na udongo, akakining'iniza kwenye glasi ya maji safi, akatuambia tutulie. Dakika chache tu, uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka kutoka kwenye shina. Mnyauko wa bakteria, dawa ya ukungu haiugusi. Kumbe na sisi tuliualika: nyanya, kisha hoho, kisha nyanya tena, wakati hizo ni ukoo mmoja, pamoja na bilinganya na nyanya chungu. Siku hizi tunapanda kwenye viroba, udongo tunaufuata mbali, na mlangoni kuna beseni la maji ya jiki. Hujakanyaga, huingii, hata uwe diwani.

Wa Kirumba: Kwetu ni gugu maji. Mjumbe mmoja alisema ziwa limetuletea mboji ya bure, tukajaza mkokoteni pale mwaloni tukamwaga nyuma ya kitalu, bila kukatakata wala kuchanganya na majani makavu. Siku tatu harufu ikafika kwa mwenyekiti wa mtaa. Mboji yake ni nzuri ikiiva, sikatai. Ila msichukue lile la kwenye mitaro ya viwanda, linafyonza uchafu wote wa kwenye maji.

Wa Buhongwa: Wa Igoma umenikumbusha kanitangaze, yule mdudu anayeharibu nyanya. Neti yetu ilikuwa nzima, mlango ndio ulikuwa haufungwi kwa sababu wageni walikuwa wanakuja kupiga picha. Mkija mkute jani limechorwa njia nyeupe kati ya ngozi zake mbili, mjue kiwavi yumo humo ndani anatembea. Mkulima aliyempa jina hilo hakukosea, alitutangaza kweli.

Wa Nyegezi: Mimi naongeza moja tu. Kumwagilia Jumatatu tulikuwa wawili. Kuvuna Jumamosi tulikuwa 22, na mmoja alikuja na ndoo mbili. Tukaacha nyanya. Sasa tunakuza miche ya mnafu na chainizi, tunagawa kwa kaya za mtaani, na mche hakuna anayeuficha chini ya khanga.

Mwenye uzi: Hahaha, wa Nyegezi, hiyo ya ndoo mbili tunayo pia. Ufunguo wetu sasa unaning'inia kwenye msumari gengeni kwa mama muuza mboga, hatua ishirini kutoka kitaluni. Si mwanachama. Akiona jua limekuwa kali anakwenda mwenyewe kukunja nailoni, halafu anajichumia nyanya zake mbili tatu. Mpaka leo hatujamuuliza. Wa Ilemela na Magu mbona kimya?