Tuache kuziita kadi nyekundu za Sergio Ramos ushujaa

Kila tunapojadili mabeki bora wa kati wa kizazi hiki na jina la Sergio Ramos likatajwa, utetezi huwa ni uleule: kwamba kadi nyekundu 26 alizopata akiwa Real Madrid ni gharama ya kawaida ya beki anayejitoa kwa ajili ya timu, na kwamba anayezilalamikia hajui mpira. Nimechoka kuusikia. Si kweli, na unawadhulumu wachezaji wenzake walioachiwa kazi ya kumaliza mechi wakiwa kumi.

Uwezo wake sibishani nao. Beki aliyeifungia klabu moja mabao 101 katika mechi 671, na ambaye kichwa chake katika dakika za majeruhi kule Lisbon mwaka 2014 kiliisawazishia Madrid fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ambayo Atlético walikuwa wanahesabu sekunde tu kuinyakua, hahitaji kutetewa na mimi. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba ukorofi wake ulikuwa sehemu ya uwezo huo, kana kwamba asingeweza kukaba vizuri bila kumuumiza mtu.

Kama hivyo ndivyo alivyoumbwa, basi mnieleze habari za timu ya taifa. Ramos aliichezea Hispania mechi 180 kati ya mwaka 2005 na 2021, zikiwamo fainali za Euro 2008, Kombe la Dunia 2010 na Euro 2012, na hakutolewa nje kwa kadi nyekundu hata mara moja. Msiniambie kwamba mechi hizo zilikuwa nyepesi. Katika fainali ya Kombe la Dunia ya Johannesburg dhidi ya Uholanzi, mechi ya rafu kupita kiasi ambayo mwamuzi Howard Webb alilazimika kutoa kadi moja baada ya nyingine, Ramos alipewa kadi ya njano mapema, dakika ya 23. Alicheza muda wote uliobaki, pamoja na dakika 30 za nyongeza, akiwa beki wa kulia na akipanda kushambulia bila kuchoka, na hakufanya kosa la kumpatia kadi ya pili. Miezi minne baadaye, Madrid ilipokuwa inafungwa 5–0 na Barcelona pale Camp Nou, mtu yuleyule alimpiga Messi teke kwa nyuma, kisha akamsukuma usoni Carles Puyol, mwenzake aliyebeba naye Kombe la Dunia. Anayeweza kujizuia kwa dakika 97 mbele ya dunia nzima hana tatizo la hasira zisizotawalika. Alijua mahali ambapo angevumiliwa.

Na klabuni alivumiliwa kweli. Alipewa unahodha mwaka 2015 akiwa tayari na rundo la kadi, na kadi ziliendelea kuja. Kadi ya mwaka 2014 kwa kumwangusha Neymar wa Barcelona, Madrid ikiongoza 3–2 na kuishia kufungwa 4–3, nakubali kwamba ina ubishi wake. Ila ile ya Aprili 2017, aliporuka kwa miguu miwili kumvamia Messi katika mechi nyingine waliyoipoteza 3–2, haina mjadala wowote. (Suala la Salah wa Liverpool kuumia alipokabana na Ramos katika fainali ya Ligi ya Mabingwa kule Kyiv mwaka 2018 naliacha kwa makusudi, kwa sababu mwamuzi hakutoa kadi pale, na mimi nazungumzia zilizotolewa.)

Linalonikera zaidi ni la Ajax. Februari 2019, Madrid ikiwa imeshinda 2–1 ugenini dhidi ya klabu hiyo ya Uholanzi katika hatua ya 16 bora ya Ligi ya Mabingwa, nahodha alijitafutia kadi ya njano ili atumikie adhabu ya kadi za njano zilizokusanyika katika mechi ya marudiano na kuingia robo fainali akiwa safi. Baada ya mechi aliwaambia waandishi maneno yenye maana kwamba angekuwa anadanganya kama angesema hakulifikiria, kisha akajaribu kuyakanusha, lakini UEFA ikamwongezea mechi ya pili ya kifungo. Marudiano yalipochezwa Bernabéu, nyumbani kwa Madrid, Ajax walishinda 4–1 huku yeye akiwa jukwaani. Huko si kujitoa kwa ajili ya timu, ni kuwadharau wapinzani, na mabingwa watetezi walitolewa mashindanoni.

Mwaka uliofuata ikawa vilevile. Katika hatua ileile alimwangusha Gabriel Jesus dakika za mwisho, akatolewa nje, Manchester City wakashinda 2–1 pale Madrid, na katika marudiano Raphaël Varane akaongoza ulinzi bila nahodha wake. Varane alifanya makosa mawili, yakazaa mabao mawili, na hadi leo lawama za usiku ule anabebeshwa yeye peke yake. Aliyesababisha pengo lile anaitwa jemedari.

Kisha tunashangaa makocha wa vijana viwanjani kwetu wanapomfokea mtoto wa miaka 15 akabe kama Ramos, wakimaanisha avunje mguu wa mtu. Kama ni Ramos wanayemtaka, wamwonyeshe yule wa jezi ya Hispania. Na ninyi mnaosema kwamba bila kadi zile asingekuwa beki mkubwa, naomba jibu moja tu, bila matusi: katika mechi zile 180, alipungukiwa nini?