Tanzia: Profesa wetu wa bayolojia, na vidonge vya malaria kabla ya kwenda Mombasa

Ndugu zangu wa Mombasa mlioko Uingereza, assalaam alaykum.

Wengi wenu mmekwisha kupata habari kwamba Profesa wetu, aliyestaafu na kurudi kwao Kibokoni, amefariki dunia na kuzikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya Alasiri. Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiuun. Anayetaka kutoa mkono wa rambirambi ampigie mwanawe mkubwa, ambaye nambari yake wengi mnayo. Nimeombwa niandike machache juu ya marehemu, nami nimechagua jambo moja, kwa kuwa bila yeye nisingekuwapo kuliandika.

Nilikuwa nimekaa Leicester miaka minane nilipokwenda nyumbani kwa harusi ya mdogo wangu. Vidonge vya kujikinga na malaria sikumeza hata kimoja, kwani nilizaliwa Mombasa, nimeugua homa tangu utotoni, na niliamini kwamba mbu wa kwetu hawanitishi. Siku ya kumi baada ya kurejea nilishikwa na baridi ya kutetemeka. Nilikwenda hospitali, nikaambiwa ni mafua, nikapewa dawa ya kutuliza maumivu na kurudishwa nyumbani. Usiku ule Profesa alimpigia simu mume wangu kwa haja nyingine kabisa, akasikia ninavyoweweseka. Alimwambia, “Mrudishe sasa hivi, na pale mapokezi sema ametoka Mombasa kabla hujasema ana homa.” Damu ilipimwa, ikakutwa malaria aina ya falsiparamu, ile inayoua, na nililazwa siku sita.

Nilipopata nafuu alikuja kunitazama, akachora chembe nyekundu ya damu nyuma ya bahasha ya barua. Alinieleza kwamba kinga ya mtu aliyekulia pwani hujengwa na kuumwa na mbu mara kwa mara, na kwamba ukikaa miaka kadhaa mbali na mbu hao kinga hiyo hufifia, nawe hurudi kwenu ukiwa karibu sawa na mgeni. Watoto wetu waliozaliwa huku hawajawahi kuwa nayo kabisa. Kisha akachora ini, kwa sababu vimelea hujificha humo kwa muda wa wiki moja hivi kabla ya kumwagika katika damu, na ndiyo maana homa humpata mtu akiwa amekwisha kufungua masanduku. Kwa hiyo dawa ya atovakwoni na proguanili, ambayo huviua vimelea vikiwa bado katika ini, huendelea kumezwa siku 7 baada ya safari, ilhali doksisaiklini, ambayo hufanya kazi katika damu, humezwa wiki 4. Wengi wetu tulikuwa tukiacha dawa siku ile ile ya kutua Heathrow. Bahasha ile ninayo hadi leo.

Tangu hapo, kila ilipokaribia Julai au Desemba, alikuwa akizipigia simu familia zilizokata tiketi, moja baada ya nyingine, akiulizia watoto na waja wazito, ambao dawa zao hazifanani na zetu na lazima daktari aulizwe mapema.

Mara ya mwisho nilipomwona tulitembea ufukoni Tudor, maji yamekupwa. Alichuma jani la mchu, akaniambia niulambe upande wa juu, nami nikaonja chumvi. Alisema mchu huitoa chumvi kwa majani, ilhali mkoko huizuia kule kule mizizini. Jua lilipoanza kutua alisimama akavuta soksi zake hadi magotini, juu yake kavaa kikoi, kwa kuwa mbu wa malaria huuma kati ya magharibi na alfajiri. Jirani mmoja alimcheka, naye akajibu kwa upole kwamba amekaa ng’ambo miaka thelathini. Usiku alilala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, katika nyumba ile ile aliyozaliwa.

Wenu, Umm Salma, Leicester

*

Dada Umm Salma, wa alaykum salaam. Mola amrehemu mzee wetu na ailaze roho yake mahali pema.

Mimi nilifika Cardiff nikiwa mwanafunzi, na kila majira ya baridi mifupa ilikuwa ikiniuma. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kutengeneza vitamini D, na kwamba kwa jua la huku, tena mtu akiwa ndani ya buibui, haitoshi. Aliniambia nimeze mikrogramu 10 kila siku, mwaka mzima, na ndivyo nifanyavyo hadi leo.

Nina ombi. Zile simu zake za Julai na Desemba zisikatike. Nitazipiga mimi kwa walioko Wales, na nakuomba wewe, dada, uwachukue wa Leicester na Birmingham. Watakaosafiri Desemba hii watuandikie tarehe zao za safari na umri wa watoto wao kabla ya mwisho wa Oktoba, ili wapate muda wa kumwona daktari.

Mdogo wako, Cardiff