"Si upo tu?" Nimechoka! Na nyie wa Yasmin na Denge, kasomeni kitabu wenyewe

Wakuu, leo nimefika kooni, acheni niseme.

Naandika riwaya. Sura ya tisa nimeianza mara nne tangu Ramadhani na haijavuka ukurasa wa tatu. La kuandika ninalo tele. Tatizo ni kwamba kwetu ukikaa sebuleni na kompyuta unahesabiwa huna kazi. Kaka yangu akiwa dukani kwake hakuna anayemtuma hata chumvi. Mimi jana, saa mbili asubuhi, mama: "Mwanangu, si upo tu? Nifuatie dawa zangu." Nikaenda. Kurudi, gesi imeisha, nikabeba mtungi. Sijavua hata viatu, shangazi huyo kwenye simu: sare za harusi ziko kwa fundi Kariakoo na yeye mguu unamuuma. Kutoka Mbagala, daladala imeshona, jua la saa saba, nafika fundi hajakata hata kitambaa! Nimeingia nyumbani magharibi, nafungua kompyuta, LUKU imekata. Na wote wananitazama mimi.

Kwa dawa simlaumu mama, hizo nitamfuatia maisha yangu yote. Kinachoniuma ni hilo neno "si upo tu".

Usiku sasa nakutana na nyie kwenye grupu. Wiki ya pili hii watu wanagombania filamu ya Vuta N'kuvute, wahusika wake Yasmin na Denge utadhani ni ndugu zao wa tumbo moja. Mwanzoni nilicheka mpaka machozi, na nilifurahi kwelikweli. Watu wanakesha kwa ajili ya hadithi ya Unguja ya miaka ya 1950, enzi za Mwingereza! Filamu ya kwetu, imeonyeshwa tamasha la Toronto mwaka 2021, nchi ikaipeleka kuwania Oscar. Ishabikieni, ni haki yenu.

Ila mtu anaposema Amil Shivji "katunga hadithi kali", kana kwamba hakuna Adam Shafi, hapo damu inanichemka. Shivji kaongoza filamu, na kazi kaifanya. Yasmin na Denge wametoka kwenye riwaya ya Shafi, jina ni hilo hilo, imechapishwa na Mkuki na Nyota tangu 1999. Kuna mtu alikaa chini akaandika ukurasa kwa ukurasa!

Nimelisema hilo kwenye grupu, mkanijia inboksi: "Wewe si mwandishi? Tufupishie kitabu kwa sauti, dakika tano tu." Dakika tano! Ndoa ya Yasmin na Raza, mtu wa kumzaa, safari ya Mombasa, Mwajuma na taarabu yake, Denge na siasa zake na polisi wanaomwandama. Filamu ya saa moja na nusu yenyewe imebidi iache mengi. Mimi niyabane bure, saa sita usiku, sura yangu imelala? Nikakataa. Nikajibiwa: "Unaringa. Kwani kutwa nzima unafanya nini?"

Nimelia, wakuu. Swali lile lile la nyumbani.

Basi sifupishi kitabu cha mtu. Na kuanzia Jumatatu, saa kumi alfajiri mpaka saa tatu, mlango wangu umefungwa. Shangazi nimeshamwambia, kanuna. Mama bado sijapata pa kuanzia. Mnaoandika mkiwa kwa wazazi, mlimwambiaje mama akaelewa bila kuona amekosewa adabu?