Oak Island: hazina ipo kweli?

Wadau, kipindi cha TV The Curse of Oak Island kinaonyeshwa tangu 2014. Rick na Marty Lagina wanachimba kisiwa hicho cha Nova Scotia, Kanada, wakisaka hazina inayosemekana ilifichwa na maharamia, lakini tunaonyeshwa mbao na sarafu mojamoja tu. Mnaamini?

— Siamini, mkuu. Mimi nachimba visima. Mwamba wa pale una chokaa na jasi. Maji huuyeyusha, mashimo hujitokeza yenyewe. Maji ya bahari kujaa shimoni si lazima uwe mtego wa maharamia.

— Na nyuzi za minazi zilizopatikana Smith's Cove, ghuba ndogo ya kisiwa hicho? Kanada haina minazi!

— Hapo una hoja. Ila mabaharia walizitumia kukingia shehena. Kinachoniuma ni watu 6 waliofia kwenye msako huo, 4 kati yao siku moja, Agosti 1965. Hewa ya shimoni huua, jamani.