Sederi mbili na Sabato juu yake: mnawezaje mkiwa na watoto wadogo?

Mama Wawili:
Habari zenu. Tumekuja ughaibuni kutoka Israeli kwa sababu ya kazi ya mume wangu, ambaye mkataba wake ni wa miaka mitatu. Kwetu Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa ya siku saba na sederi, yaani mlo wa ibada wa usiku ambao husimuliwa kutoka Misri, ilikuwa moja tu, lakini sinagogi la huku hushika siku nane na sederi huandaliwa usiku wa kwanza na wa pili. Mwaka 2026 siku ya kwanza iliangukia Alhamisi, kuanzia Jumatano jua lilipotua, na mwaka 2027 itakuwa hivyo tena, tarehe 22 Aprili. Maana yake ni sikukuu Alhamisi na Ijumaa, na kabla hatujavuta pumzi, Sabato imeingia. Mwaka 2026, usiku wa pili, mwanangu wa miaka minne alilala kwenye zulia akiwa ameshika kipande cha matza, mkate usiotiwa chachu, kabla hatujafika kwenye yale maswali manne ambayo yeye, aliye mdogo kuliko wote mezani, ndiye wa kuyauliza. Mnajipangaje? Na je, siku ya pili inatuhusu kweli?

Mzee wa Kiti cha Nyuma:
Binti yangu, nianze na hilo la mwisho. Zamani mwezi ulitangazwa Yerusalemu baada ya mashahidi kuuona ukiandama, na kwa kuwa wajumbe hawakuweza kufika nchi za mbali kwa wakati, watu wa huko walishika siku mbili ili wasikosee. Kalenda ilipokuja kuwekwa kwa hesabu shaka iliondoka, ila desturi ilibaki. Anayekusudia kurudi Israeli kwa kawaida hushika siku moja, lakini hafanyi kazi zilizokatazwa mbele ya wenyeji siku ya pili. Hata hivyo, aliyehama na mke na watoto kwa miaka kadhaa, wapo marabi wanaomhesabu kuwa mwenyeji. Muulize rabi wako mapema, si Jumatano jioni wakati supu iko jikoni.

Mpishi wa Ijumaa:
Dada, mimi naona kinachowachosha watoto zaidi ni saa. Hairuhusiwi kuandaa siku ya kwanza kwa ajili ya siku ya pili, hata kutandika meza, mpaka usiku uingie, na katika nchi za kaskazini jua la Aprili huchelewa sana kutua. Kwa hiyo Alhamisi mchana nyumba yangu yote hulala, watu wazima wakiwemo, na usiku wa pili simulizi ya kutoka Misri tunaifupisha bila aibu ili wadogo wawahi kutafuta afikomani, kile kipande cha matza kinachofichwa, wakiwa bado macho.

Upande wa jiko, Jumatano kabla ya jua kutua usisahau eruvi tavshilini, yaani matza na chakula kilichopikwa, ambavyo huwekwa kando kwa baraka na tamko maalumu ili uruhusiwe kupika Ijumaa kwa ajili ya Sabato. Washa pia mshumaa wa kudumu siku nzima na zaidi, kwa sababu siku ya sikukuu unaweza kuhamisha moto uliokwisha kuwaka, lakini huwezi kuwasha mpya. Kwa chakula cha eruvi mimi hutumia yai la kuchemsha, na mwaka mmoja niliingia jikoni asubuhi ya Alhamisi nikamkuta mwanangu analitafuna taratibu kama mtu aliyekaribishwa. Alikuwa amebakiza zaidi ya nusu, na kwa bahati njema kipande cha ukubwa wa zeituni moja kinatosha. Lingeisha lote, ningelazimika kuuliza kama rabi wetu aliweka eruvi kwa niaba ya jumuiya nzima.

Mama Wawili:
Nashukuru sana, nanyi Mzee shikamoo. Rabi nitamwona wiki hii, na mwalimu wa binti yangu nitamwandikia mapema kuhusu Alhamisi na Ijumaa. Yai nitaliweka rafu ya juu kabisa, nyuma ya sufuria.