Naomba ushauri: kura ya mkakati Uingereza, tunapima vipi?

Wadau mlioko Uingereza, hasa Watanzania na Wakenya wenye vibali vya ukaazi (raia wa Jumuiya ya Madola tunaruhusiwa kuchagua wabunge), naombeni ushauri kuhusu kura ya mkakati, yaani kumpigia mwenye nafasi ya kumshinda usiyemtaka hata kama si chaguo lako la kwanza.

Kila jimbo huchukuliwa na anayeongoza kwa kura, hata akiwa na asilimia 30. Mwaka 2024 Labour ilipata karibu asilimia 34 ya kura na viti 411. Reform UK ilipata asilimia 14 ikaambulia viti vitano, lakini Liberal Democrats kwa 12 tu wakazoa 72! Waliojitokeza hawakufika asilimia 60. Mwaka 2019 Brexit Party (sasa Reform UK) iliwaachia Conservative majimbo 317. Vyama visipoachiana tena, mpiga kura afuate matokeo ya jimbo ya 2024 au ya madiwani ya karibuni?

Halafu kodi. Kiwango cha mapato kisichokatwa kodi kimegandishwa pauni 12,570 tangu 2021, hivyo mshahara ukipanda, kodi inameza zaidi bila asilimia kuguswa. Ahadi ya "hatupandishi kodi" mnaipimaje hapo?

Na wale wanaochelewa kujiandikisha (mwisho ni siku 12 za kazi kabla ya kura) mnawahimizaje? Pasipoti ya Tanzania au Kenya inakubalika kama kitambulisho kituoni, wengi hawajui.